Je, wajua simu inaweza kupunguziwa mionzi bila kufunguliwa hata skrubu moja?

Septemba 12, 2023, ANFR, mamlaka ya Ufaransa inayosimamia masafa ya redio, ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12, simu iliyokuwa sokoni tangu 2020. Ilipobanwa kwenye chombo chenye kimiminika kinachofyonza mawimbi mithili ya mwili wa mtu, ilisoma wati 5.74 kwa kilo. Kikomo cha simu iliyo mkononi au mfukoni ni wati 4.

Nikajua dawa yake: zirudi kiwandani. Niliamini mionzi huvuja kwenye simu kama joto la jiko la mkaa, na jiko likishatengenezwa vibaya ndiyo basi. Mwezi uliofuata Apple ikatuma sasisho la programu tu, na mambo yakaisha.

Kumbe simu haina kiwango kimoja cha mionzi. Mfikirie mtu anayeongea na mwenzake wa ng'ambo ya mto. Mto ukiwa mwembamba ananong'ona; ukipanuka anapaza sauti; upepo ukivuma anapiga kelele hadi mishipa ya shingo inamtoka. Mwenzake ndiye mnara, na kazi yake mojawapo ni kumwambia "sikusikii" au "inatosha", mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ndiyo maana betri huisha upesi basi likikatiza pori lisilo na mtandao. Na anayejitenga na mnara kwa kuogopa mionzi (mimi nilikuwemo) anabeba mfukoni simu inayopiga kelele zaidi.

Maabara huipima simu ikiwa imepaza sauti hadi mwisho. Kwa hiyo namba ya SAR, yaani zile wati kwa kilo ambazo mwili hufyonza, ambayo simu nyingi huionyesha ukibonyeza *#07#, haikuambii unapokea kiasi gani kila siku.

Sasa, iPhone ina vihisi vya kutambua kwamba imelazwa mezani, haijashikwa, hivyo hujiruhusu kupaza kidogo. Apple ilidai kipimo cha Ufaransa hakikujali hilo. Sasisho likaifuta ruhusa hiyo kwa watumiaji wa Ufaransa.

Je, wati 5.74 zilimdhuru mtu? Kuvuka kikomo si sawa na kuumia, maana vikomo huwekwa chini kabisa ya kiwango kinachojulikana kuunguza. Kuhusu saratani, IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2011 iliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la "huenda", kwa ushahidi iliouita hafifu.

Gharama ya dawa yenyewe Apple iliitaja: penye mtandao dhaifu, iPhone 12 iliyolala mezani huko Ufaransa ingeweza kushika mtandao kwa shida zaidi kidogo kuliko zamani.