Mlaji asiye razini: wanauchumi wana maana gani?

Mtu akinunua koti la bei kali kisha lisitoke kabatini, jirani atasema ameishiwa akili. Mchumi hana haraka hiyo. Katika nadharia ya uchaguzi, yaani ya jinsi watu wanavyochagua cha kununua, kupenda kitu cha ajabu si kosa. Kinachoangaliwa ni kama machaguo ya mtu yanapatana; yakipatana, huitwa razini.

Dhana ya kwanza ya urazini ni kwamba mlaji, yaani mnunuzi wa bidhaa, akiwekewa vitu viwili anaweza kusema anapenda kipi zaidi, au kwamba kwake ni mamoja. Ya pili ndiyo yenye meno: mapendeleo yasizunguke. Tuseme unapenda shati jekundu kuliko la bluu, na la bluu kuliko la kijani, lakini ukipewa jekundu na kijani unataka la kijani. Mjanja akikujua atakubadilishia mashati hayo moja baada ya jingine, kila mara akidai nyongeza kidogo, na utarudi nyumbani na lile lile ulilotoka nalo, mfuko umepungua. Huko ndiko kukosa urazini. Mwenye koti lake, maskini, huenda hana kosa lolote.

Watu halisi huteleza sana. Mchumi Herbert Simon aliandika mwaka 1955 kwamba binadamu hawezi kupiga hesabu ya kila njia, hivyo hutosheka na inayofaa. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky wakaonyesha kuwa uchungu wa kupoteza huzidi utamu wa kupata kiasi hicho hicho.

Je, kanuni ya mahitaji, kwamba bei ikipanda watu hununua kidogo, inaanguka pamoja na urazini? Mchumi Gary Becker alijibu mwaka 1962, na jibu lake nalipenda kwa ukorofi wake. Chukua walaji wengi wanaochagua ovyo kabisa. Kila mmoja ana sarafu 100 za kumaliza kwa bidhaa mbili, kila moja sarafu 10. Wakitawanyika bila mpango, wastani wa bidhaa ya kwanza ni 5 kwa kila mtu. Bei yake ikipanda hadi 20, hata mwenye pupa hawezi kuzidi 5, na wastani unashuka hadi 2 na nusu. Bei imepanda, manunuzi yamepungua, na hakuna aliyefikiri. Bajeti imefanya kazi yote.

Ila hapo kuna deni. Kama mahitaji yanaweza kushuka hivyo bila mtu kupima chochote, mchumi hawezi tena kuyatazama manunuzi na kudai yanaonyesha jinsi walaji walivyonufaika.