Je, wajua kwa nini sabufa ni moja, ilhali spika nyingine ni tano?

Seti ya 5.1, ile ya sauti ya sinema sebuleni, ina spika tano, na kila moja ina kituo chake: moja katikati karibu na televisheni, mbili mbele kushoto na kulia, mbili ubavuni, nyuma kidogo ya kochi. Ile .1 ni sabufa, spika ya besi, yaani sauti nene za chini. Kuhusu hiyo utaambiwa tu uiweke popote pale panapoenea, kwa sababu besi haina upande.

Hiyo ni nusu ya ukweli. Ili kujua sauti inatoka wapi, ubongo hulinganisha masikio mawili: lipi limesikia kwanza, lipi limesikia kwa nguvu zaidi. Sauti ya 3,000 Hz, yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde, ina wimbi la sentimita 11 hivi, kwa hiyo kichwa chenyewe kinaikinga isifike vizuri sikio la pili. Besi ya 80 Hz ina wimbi la mita 4.3. Linakipita kichwa kama vile hakipo, na kabla halijamaliza mzunguko mmoja limeshagonga kuta za sebule na kurudi. Ubongo unakosa ushahidi. Ndiyo maana krosova, yaani mpaka ambapo spika za kawaida zinaiachia sabufa kazi, hutegwa mara nyingi kwenye 80 Hz.

Kosa linaanzia hapa: watu husikia "haina upande" wakaelewa "haijalishi iko wapi". Wapi! Katika seti nzima hakuna spika inayodeka kwa mahali kama sabufa. Isogeze nusu mita tu, noti moja ya gitaa la besi inafifia, nyingine inavuma hadi vioo vya kabati la vyombo vinalia.

Chukua beseni la maji, ulisukume taratibu mbele na nyuma. Kwa mwendo fulani maji yanashika mdundo: yanapanda ukingo huu, yanashuka ule, halafu kinyume chake. Tazama katikati: pale kimo cha maji hakibadiliki karibu kabisa. Sukuma haraka kuliko hapo au polepole, na mchezo unaharibika, maana urefu wa beseni ndio unaochagua mwendo. Sebule yenye urefu wa mita 4.3 inafanya hivyohivyo kwa hewa, na mwendo wake ni 40 Hz hivi. Kwenye noti hiyo, aliyeegemea ukuta anapigwa na besi kifuani, na aliyeketi katikati ya chumba anauliza kama sabufa imewashwa. Wote wako sahihi.

Kuna dawa inayochekesha, lakini inafanya kazi. Beba sabufa uiweke juu ya kochi, mahali unapokaa. Piga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka noti, kisha tambaa kwa magoti ukipitisha kichwa sehemu zote unazoweza kuiweka. Panaposikika besi iliyo sawa, bila noti kuvuma wala kupotea, ndipo pake. Sababu ni kwamba njia ya sauti kati ya sehemu mbili haibadiliki ukizibadilishana. Kona huipa nguvu kubwa zaidi, ila nguvu na usawa ni vitu viwili.

Todd Welti wa kampuni ya Harman, Marekani, alilipima suala hili mwaka 2002 na kuona kwamba sabufa mbili au nne zilizopangwa vizuri husawazisha besi kwa viti vingi, na kupita nne faida ni ndogo. Hesabu zake zilihusu vyumba vya mstatili, kwa hiyo sebule iliyofunguka hadi jikoni isitegemee matokeo yaleyale. Kuta za tofali na zege nazo hurudisha besi kuliko za mbao na jipsamu zinazozoeleka Marekani, basi tarajia mvumo zaidi.

Na "haina upande" yenyewe ina mwisho. Seti zenye spika ndogo za kiganja haziwezi kushuka hadi 80 Hz, hivyo krosova hupandishwa, wakati mwingine hadi 150 Hz. Huko juu sikio linaanza kuishtukia sabufa, na sehemu ya sauti ya mwanamume imo humo: mtangazaji yuko kwenye kioo, kifua chake kinaongelea nyuma ya kochi. Kwa hiyo dukani achana na wati za PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Uliza spika ndogo zinashuka hadi Hz ngapi.