Sataranji haitakupangia meza ya pool

"Mwalimu, siku hizi nacheza sataranji kila usiku ili niongeze mbinu kwenye pool." Nimeshayasikia maneno haya mpaka yamenichosha. Na wanaoyasema huwa ni walewale wasioweza kuusimamisha mpira mweupe wanapoutaka, halafu dawa wanakwenda kuitafuta kwenye ubao wa miraba 64.

Dhana: Sataranji inanoa akili, na akili iliyonolewa inakata popote

Haikati popote. Mwaka 1973 watafiti William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji wa sataranji ubao kwa sekunde chache, kisha wakawataka waupange upya. Mpangilio ulipotoka kwenye mchezo halisi, mchezaji bingwa aliwaacha wengine mbali. Kete zilipotawanywa ovyo, ubora wake ukatoweka karibu wote. Alichobeba kichwani ni hazina ya sura za sataranji. Ikiwa kete zilezile, kwenye ubao uleule, zinamshinda zikikaa vibaya, mipira 15 kwenye kitambaa itamwambia nini?

Kuhusu watoto wanaofundishwa sataranji shuleni, watafiti Giovanni Sala na Fernand Gobet walizichambua tafiti mwaka 2016. Faida waliyoiona katika masomo haikuwa kubwa, na walionya kuwa karibu tafiti zote hazikuwalinganisha watoto hao na wenzao waliofundishwa shughuli nyingine mpya. Na hapo tunazungumzia hesabu, somo lililo karibu na sataranji kuliko fimbo na chaki.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sataranji inaweza kukupa tabia mbaya mezani. Kwenye ubao, ukila kete nyingi kwa kawaida uko mbele. Kwenye mchezo wa mpira namba nane, ambapo kila mmoja huingiza mipira yake saba kisha ule mweusi, mwenye tabia hiyo huingiza sita kati ya saba yake haraka haraka, anakosa wa saba uliobanwa ukingoni, kisha anashangaa kufungwa. Amejifunga mwenyewe! Mipira yake ndiyo iliyokuwa inamzibia mpinzani njia, na yeye ameiondoa. Mipira saba ya mpinzani bado inamzibia yeye. Kama huoni njia ya kumaliza meza, usianze kuisafisha. Shughulikia kwanza mpira wenye tatizo, ukiwa bado na mingine ya kukimbilia, au jihami.

Tena farasi ukimpeleka mraba fulani, anafika. Mpira mweupe hauna utii huo. Tuseme kila pigo la mpango wako unalipata mara tisa kwa kumi. Mapigo matano mfululizo utayakamilisha karibu mara sita tu kwa kumi. Ukilipata kila pigo mara nane kwa kumi, mpango mzima unatimia takribani mara tatu kwa kumi. Kwa hiyo mbinu ya pool huanza na kuujua mkono wako: mpango mzuri kwako si lazima uwe mzuri kwa mwenzako, hata meza ikiwa ileile.

Unataka kufikiri vizuri mezani? Weka mipira mitatu na ule mweusi. Anza kupanga kutoka mwisho: mweusi utaingia tundu gani, mpira upi utakuweka sawa kwa ajili yake, na upi utangulie huo. Kabla ya kila pigo laza kipande cha karatasi mahali mpira mweupe utakaposimama. Ukiingiza mpira lakini mweupe ukasimama nje ya karatasi, hesabu kwamba umekosa. Wanafunzi hulichukia zoezi hili kwa sababu karatasi haibembelezi mtu.

Dhana: Mabingwa huona mipira kumi mbele

Mwaka 1954 bingwa wa pool Willie Mosconi aliingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa. Katika mchezo aliocheza, unaoitwa straight pool, ikiingia 14 kati ya 15, hupangwa upya na mmoja uliobaki ndio wa kuanzia. Kazi yake ilikuwa kuuacha huo mmoja mahali pazuri, tena na tena. Mipira mitatu mbele, ukiiona kwa uhakika, inatosha.

Dhana: Pool ni jiometri tu

Mpira mweupe unaoteleza bila kuzunguka hutoka kwa pembe ya karibu digrii 90 na njia ya mpira uliogongwa. Ukiwa unaviringika, unakwenda mbele zaidi. Pembe umeipima, sawa. Mzunguko je?

Dhana: Basi sataranji haina maana

Sikusema hivyo. Inafundisha kutulia na kujiuliza mwenzako anataka nini, na wapigaji wengi wa papara wangefaidika na hilo. Icheze kwa sababu unaipenda.

Dhana: Kujihami ni uoga

Hii husemwa na waliokwisha kufungwa. Ficha mpira mweupe nyuma ya mipira yako, mpinzani afanye faulo, na kwa kanuni nyingi utaushika mkononi na kuuweka utakapo. Hakuna pigo la sifa linalokupa nafasi nzuri kuliko hiyo.