Kwa nini Wakorea hawashikiki kwenye gemu

Kazi yangu ni kuandaa mashindano ya gemu za kompyuta, na vijana huniuliza sana kwa nini Wakorea hawashikiki. Wengi hutegemea nitaje nidhamu. Mimi huanza na mgogoro wa uchumi.

Mwishoni mwa 1997 uchumi wa Korea Kusini uliyumba vibaya na makampuni yakapunguza wafanyakazi. Baadhi ya walioachishwa walifungua vyumba vya kompyuta vya kulipia kwa saa, PC bang. Serikali nayo ilikuwa inasukuma intaneti ya kasi, na kwa kuwa watu wengi mijini wanaishi kwenye maghorofa yaliyobanana, kusambaza nyaya kulikuwa rahisi. Machi 1998 ikatoka StarCraft, gemu ya vita ya Blizzard ya Marekani, ikakuta vyumba viko tayari.

PC bang ni ndugu wa banda la gemu la mtaani kwetu, ila ina viti vya kuegemea na tambi za moto unazoagiza bila kuinuka. Mwanafunzi anatoka tuisheni usiku, anaingia na wenzake, analipa won 1,000 hivi kwa saa. Aliyekufunga yuko kiti cha tatu, anakucheka. Unaweza kwenda kusimama nyuma yake ukaangalia vidole vyake. Mimi naamini ujuzi wao ulienea hivyo, kwa kuibiana kwa macho, kabla hata ya kocha wa kwanza kuajiriwa.

Kufikia 2000 kulikuwa na chaneli ya televisheni ya gemu tupu na chama cha kusimamia mchezo, KeSPA. Samsung na SK Telecom zikamiliki timu. Wachezaji waliishi nyumba moja, mazoezi saa kumi na zaidi kwa siku. Bingwa wa StarCraft hutoa amri zaidi ya 300 kwa dakika. Mtazame sekunde za mwanzo: hakuna la maana la kufanya bado, lakini vidole vinakimbia, anawachagua vibarua walewale wa kwenye gemu tena na tena. Wengine hudhani ni mbwembwe. Anapasha mikono.

Timu za Ulaya na Marekani nazo zikakodi nyumba za kuishi pamoja. Kisha wakachukuliwa wachezaji wenyewe: Samsung ilipotwaa ubingwa wa dunia wa 2014 wa League of Legends, gemu ya vita ya timu za watu watano watano, wachezaji wote kumi wa timu zake mbili walihamia China. Lee Sang-hyeok, nyota wa gemu hiyo anayejulikana kama Faker, alibaki nyumbani. Hadi 2024 alikuwa na mataji matano ya dunia, yote na timu ileile.

Si kila kitu kilikuwa kitamu. Mwaka 2010 wachezaji kadhaa wa StarCraft walifungiwa maisha kwa kuuza mechi. Mwaka uliofuata sheria ikawazuia walio chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi kumi na mbili asubuhi. Sheria butu ile: watoto waliingia kwa namba za vitambulisho vya wazazi. Bunge liliifuta 2021, na miaka miwili baadaye vijana sita wa League of Legends, Faker akiwemo, walitwaa dhahabu ya Michezo ya Asia kule Hangzhou wakasamehewa jeshi, utumishi wa lazima wa mwaka mmoja na nusu kwa wanaume wa Korea Kusini.