Je, wajua kwa nini duka la mtandaoni hukataa malipo ya mnunuzi mwaminifu?

Umeandika namba ya kadi bila kukosea na pesa zipo benki. Unabonyeza kulipa, na kabla hujapepesa jicho jibu limerudi: muamala umekataliwa. Sababu hupewi. Ukijaribu tena na tena, akaunti nayo inafungwa. Aliyekukataa mara nyingi si mtu, ni programu iliyokupa alama, yaani namba ya kiwango cha kushukiwa.

Programu hiyo haina ushahidi kwamba wewe ni tapeli. Inachofanya ni kukufananisha. Imefundishwa kwa miamala mingi ya nyuma, ya halali na ya wizi, na sasa inapima wewe unakaribia kundi lipi. Hutazama anwani ya IP (namba ya muunganisho wako wa intaneti), barua pepe yako ina muda gani tangu ifunguliwe, mzigo unapelekwa wapi, na kadi ngapi zimejaribiwa kwenye kifaa hicho. Hutazama hata kifaa chenyewe: upana wa skrini, fonti, lugha, toleo la kivinjari. Kila kimoja peke yake hakisemi mengi, lakini vikiunganishwa mara nyingi hutosha kukitambua kifaa chako hata ukiwa umefuta vidakuzi vyote, yaani vifaili vidogo ambavyo tovuti huacha kwenye kivinjari ili zikukumbuke.

Basi mbona hukosea? Tufanye hesabu ya mfano. Chukua miamala 100,000, na katika kila 1,000 mmoja ni wa wizi. Ya wizi itakuwa 100, ya halali 99,900. Tuseme programu ni hodari kweli: hunasa wezi 99 kati ya 100, na humshuku kimakosa mtu 1 tu kati ya waaminifu 100. Itanasa miamala 99 ya wizi. Lakini asilimia 1 ya ile 99,900 ni 999. Kwa hiyo katika kila watu 11 waliozuiwa, karibu 10 hawana kosa lolote. Si kwamba programu ni mbovu. Waaminifu ni wengi mno kuliko wezi, na kosa dogo likigawiwa kwa umati huo huzaa majeruhi wengi.

Muuzaji naye ana hofu yake. Mwenye kadi iliyoibwa akilalamika, benki humrudishia fedha, na mara nyingi hasara humwangukia muuzaji ambaye mzigo wake umeshaondoka.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Muamala ulioruhusiwa ukigeuka kuwa wizi, malalamiko huja na programu hujifunza. Uliokataliwa hauachi jibu. Mnunuzi huondoka kimya, na kosa linabaki kwenye kumbukumbu kana kwamba mwizi amezuiwa. Kampuni nyingine hupitisha makusudi sehemu ndogo ya miamala inayoshukiwa ili zijipime, lakini anayezuiwa hana njia ya kujua kama hilo hufanyika. Tena anayejali faragha, akitumia VPN (huduma inayoficha anwani yake ya IP) na kufuta vidakuzi, ndiye anayeweza kuonekana mgeni na wa kutiliwa shaka. Naliona hilo kuwa dhuluma: mtu anaadhibiwa kwa kujilinda.

Sheria inasemaje? Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, inakubali kwamba kuzuia utapeli ni sababu halali ya kutumia taarifa zako, mradi zitumike zile za lazima tu. Lakini Ibara ya 15 inakupa haki ya kuziona, ya 16 kuzisahihisha, na ya 22 kutofanyiwa uamuzi wa mashine peke yake pale unapokuathiri kwa uzito. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 nayo ina haki ya namna hiyo katika kifungu cha 35. Neno "uzito" ndilo lenye ubishi: kukosa kununua kitu kimoja huenda kusifikie kiwango hicho, ilhali kunyimwa mkopo hufikia kwa urahisi zaidi.

Tarehe 7 Desemba 2023, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya SCHUFA, kampuni ya Ujerumani inayopima uaminifu wa wakopaji, kwamba alama yenyewe ni uamuzi ikiwa anayeipokea anaitegemea kwa kiasi kikubwa. Tarehe 27 Februari 2025 mahakama hiyo ikaongeza kwamba maelezo ya jinsi uamuzi ulivyofikiwa lazima yaeleweke na mtu wa kawaida. Kumtupia fomula ya hesabu hakutoshi. Kampuni ikidai kuna siri ya biashara, itaipeleka kwa mamlaka au mahakama ipimwe huko.

Kwa hiyo ukizuiwa, andika. Omba taarifa walizonazo juu yako, na omba mtu aukague uamuzi. Akiona ulionewa na kuubadilisha, kumbukumbu inaweza kurekebishwa, na programu ikapata jibu ambalo ungeondoka kimya isingelipata kamwe.