Ridhaa ya jamii: maana yake katika siasa za mabomba ya mafuta

Kibali cha kujenga bomba la mafuta hutolewa na serikali, kikiwa na muhuri na tarehe. Ridhaa ya jamii haina karatasi. Ni pale watu wanaoguswa na mradi wanapoukubali, wasiupinge mahakamani, barabarani wala kwenye sanduku la kura. Msemo huu ulianzia kwenye kampuni za madini miaka ya 1990, zilipoona kuwa mgodi wenye leseni halali unaweza kukwamishwa na wanakijiji.

Alberta, jimbo la Kanada, iliufanya msingi wa sera ya tabianchi. Ina mafuta mengi yaliyonatana na mchanga wa lami, ila haina bahari. Ili yafike bandari za Pasifiki, lazima yavuke jimbo jirani la British Columbia. Novemba 2015 waziri kiongozi Rachel Notley alitangaza mpango mzito: kodi ya kaboni (tozo kwa gesijoto zinazotolewa) ya dola 20 kwa tani kuanzia 2017, kisha 30 mwaka uliofuata, umeme wa makaa ya mawe ukome ifikapo 2030, gesijoto kutoka mchanga wa lami zisizidi tani milioni 100 kwa mwaka. Alitumaini kwamba Alberta ikionekana inajali tabianchi, wapinzani watalegea na bomba litapita.

Kwa serikali kuu ya Ottawa ilikuwa hivyo. Novemba 2016 Justin Trudeau, waziri mkuu wa wakati huo, aliidhinisha upanuzi wa Trans Mountain, bomba la takriban kilomita 1,150 kutoka Edmonton, Alberta, hadi Burnaby kwenye pwani ya British Columbia, akisema bila mpango wa Alberta asingeweza.

Pwani mambo yalikuwa mengine. Huko waliogopa zaidi meli za mafuta na lami, yaani mafuta hayo mazito ya Alberta, kumwagika baharini, na kodi inayotozwa Alberta haiondoi hofu hiyo. Mapema 2018 British Columbia ilipendekeza kuzuia ongezeko la lami inayopitishwa. Alberta ikajibu kwa kususia mvinyo wa British Columbia. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ikafuta idhini, kwa kuwa wenyeji asilia hawakushauriwa ipasavyo na athari za meli hazikuzingatiwa.

Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa hapo. Mlipaji alikuwa mkazi wa Alberta, na mwenye kuridhia alikuwa mtu mwingine kabisa, ambaye hakuulizwa anataka nini. Mlipaji naye akachoka: 2019 Jason Kenney, mpinzani wa Notley, alishinda uchaguzi wa Alberta akiahidi kufuta kodi ile, akaifuta.

Bomba lenyewe serikali kuu ilikuwa imelinunua 2018 kwa dola bilioni 4.5 za Kanada. Iliuidhinisha upanuzi upya, nao ukaanza kazi Mei 2024, baada ya gharama kufika takriban bilioni 34. Baadhi ya mataifa ya wenyeji yalitia saini mikataba ya manufaa. Tsleil-Waututh, walio kwenye ghuba ya Burrard zinakopakia meli hizo, walipinga hadi Mahakama ya Juu ya Kanada ilipokataa kusikiliza rufaa yao mwaka 2020.