Je, wajua kwa nini kondakta huongoza ukimya katika simfonia ya mtunzi Sofia Gubaidulina?

Anayeisikiliza redioni simfonia yake, yaani utungo mrefu wa okestra, iitwayo Stimmen… Verstummen…, akifika sehemu ya 9 kati ya sehemu zake 12, anaweza kudhani kwamba mitambo imeharibika. Waliomo ukumbini huona jambo jingine kabisa: wapiga ala wametulia, ilhali kondakta, yaani mwongoza okestra, anaendelea kuinua na kutanua mikono yake hewani, akiongoza muziki ambao hakuna anayeupiga. Si mzaha, wala kondakta hajitungii tu, kwa kuwa sehemu hiyo imeandikwa na mtunzi mwenyewe kama wimbo wa mtu mmoja, na mtu huyo ni kondakta.

Sababu yake imo katika hesabu. Gubaidulina alipenda kupima urefu wa vipande vya muziki kwa mfuatano wa Fibonacci, yaani 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21 na kuendelea, ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Katika simfonia hii, sehemu ya 1, ya 3, ya 5 na ya 7 hurudia mlio mmoja angavu na mtulivu, ambao wanamuziki huuita D meja, na kila urudipo huwa mfupi kuliko awali. Sehemu za namba shufwa zinazopishana nazo zimejaa misukosuko, hadi kufikia ya 8, iliyo ndefu kuliko zote na inayoishia katika zahama. Basi zamu ya mlio ule angavu inapofika kwa mara ya tano, muda uliobakia kwake ni sifuri. Sauti imekwisha, lakini kipimo chake hakijakoma. Na kwa kuwa mdundo usio na sauti hauwezi kusikika, hapana budi uonekane, na ndiyo maana mikono ya kondakta hutanuka kwa kufuata namba zile zile.

Mwanamke aliyewaza hivyo alizaliwa mwaka 1931 huko Chistopol, Tatarstan, kwa baba Mtatari aliyekuwa mtoto wa imamu, na mama Mrusi. Alisoma muziki Kazan, kisha Moscow, ambako mtunzi mashuhuri Shostakovich, akiwa miongoni mwa watahini wake mwaka 1959, alimtakia aendelee na njia yake hiyo hiyo ya utunzi iliyoitwa potofu. Aliendelea nayo, na ilimgharimu. Kwa miaka mingi riziki yake ilitokana na muziki wa filamu, zikiwamo katuni za Kisovieti za Maugli, na mwaka 1979 Tikhon Khrennikov, kiongozi wa Umoja wa Watunzi wa Kisovieti, alimtaja hadharani miongoni mwa watunzi saba waliolaumiwa baada ya kazi zao kupigwa nchi za Magharibi. Miaka miwili baadaye konseto yake ya fidla, yaani utungo wa fidla na okestra, iitwayo Offertorium, ilipigwa Vienna na mpiga fidla Gidon Kremer, ikamfungulia milango ya dunia.

Kwa historia hiyo, ni rahisi kuuchukulia ukimya wa simfonia hii, iliyopigwa mara ya kwanza Berlin Magharibi mwaka 1986 chini ya kondakta Gennady Rozhdestvensky, kuwa ni malalamiko ya msanii aliyezibwa mdomo. Na jina lake la Kijerumani, linalozungumzia sauti na kunyamaza kwake, linamshawishi mtu afikiri hivyo. Naona tafsiri hiyo inapunguza kazi yenyewe. Gubaidulina, aliyebatizwa katika Kanisa la Kiorthodoksi mwaka 1970, alisema kwamba dini kwake ni kuunga upya kilichokatika, na akatumia neno la wanamuziki, legato, yaani kuzipiga noti zikiwa zimeshikana pasipo mwanya. Maisha ya kila siku, kwa maoni yake, hukatakata uzi huo, na kazi ya muziki ni kuuunga.

Tukiitazama sehemu ya 9 kwa jicho hilo, ukimya wake hauwi pengo tena, kwa sababu mahali ambapo sauti imekatika pana mkono unaoendelea kuhesabu, bila kuacha hata pigo moja, mpaka okestra irudi.